Gofu baada ya miaka 55: jinsi ya kuuweka mwili tayari ukiwa Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu wote habari za leo. Naandika hii hasa kwa wenzangu tuliohamia Dodoma na serikali tukiwa tumeshazoea gofu ya Dar, tukajikuta bagi limekaa stoo wiki tatu, mwezi, mwezi na nusu, halafu siku moja jamaa anapiga simu Alhamisi jioni "twende Moro Jumamosi", unafuta vumbi fimbo, unatupa bagi kwenye buti na unaenda kupiga mashimo 18 kama vile ulicheza jana. Nikiwa na miaka 40 ilikuwa inawezekana. Sasa nina 61, nimestaafu, na nimeshaelewa kwamba mwili wa umri huu hautaki kushtukizwa.

Niseme kilichonikuta ili ujue naongea kutoka wapi. Tulikuwa Morogoro, asubuhi nzuri, ukungu bado umekaa kwenye Uluguru, shimo la saba. Nimepiga dreva (ile fimbo ndefu ya kupigia mbali) ya kawaida kabisa wala sikutumia nguvu, mpira ukaenda vizuri, ila mgongo wa chini upande wa kulia ukabana kama mtu kaushika na koleo. Nikashindwa kuinama kuokota tii, kile kijiti cha kuwekea mpira. Kijana aliyekuwa kedi (mbeba bagi) wangu akaiokota, akanipa mkono akasema "twende taratibu baba", tukatembea hivo hivo mpaka kwenye gari. Wiki mbili nilikuwa navaa viatu nikiwa nimelala kitandani.

Niliporudi Dodoma nikaenda kwa fiziotherapi. Yule dada hakushika mgongo wangu hata kidogo mwanzoni. Alinikalisha kwenye kiti, magoti pamoja, akaniambia nipeleke unyayo wa kushoto nje bila kuachanisha magoti. Unyayo ukasogea kidogo tu ukagoma. Wa kulia ukaenda mbali kidogo. Akatikisa kichwa akasema, "Baba, mgongo wako hauna kosa. Nyonga imelala, sasa mgongo unafanya kazi ya watu wawili."

Hiyo sentensi ndo imebadilisha mazoezi yangu yote, na ndo ninachotaka ukielewe kabla hatujaenda mbali. Uti wa mgongo pale kiunoni unajua kukunja na kunyooka, kuzunguka ni kidogo sana, nyuzi chache tu. Mzunguko wa swingi, yaani ule mzungusho wa kupiga mpira, unatakiwa utoke kwenye nyonga na kwenye mgongo wa katikati, pale penye mbavu. Sasa sisi tumekaa kwenye viti vya ofisi miaka 30, nyonga zimekaza, kifua kimeinamia kompyuta, halafu tunaenda kuuzungusha mwili kwa kasi mara 40, 50 kwa siku moja. Zile nyuzi zinazokosekana juu na chini zinadaiwa kiunoni. Na kiuno kinalipa mpaka siku kikishindwa.

Mnamkumbuka Tom Watson mwaka 2009 kule Turnberry, Scotland? Ana miaka 59, anaongoza The Open, mashindano makubwa ya gofu, mpaka shimo la mwisho kabisa, akahitaji pa tu (idadi ya mipigo iliyowekwa kwa shimo) kuchukua kombe, ikateleza, akaja kufungwa kwenye mchujo na Stewart Cink. Watu wanaongelea ile pati (mpigo mfupi wa kuingiza mpira shimoni) aliyokosa. Mimi naongelea kitu kingine: alikuwa amewekewa nyonga bandia Oktoba 2008, haijafika hata mwaka! Nyonga ikirudi kufanya kazi mzee wa miaka 59 anawasumbua vijana. Hatuhitaji kusubiri mpaka tufike huko kwa upasuaji, tuzitunze hizi tulizonazo.

Kabla ya yote jipime

Kama una presha, sukari, moyo, au ulishawahi kufanyiwa operesheni ya goti au nyonga, pita kwanza kwa daktari wako umweleze unataka kuanza mazoezi. Sio maneno ya kujaza nafasi haya. Kuna dawa za presha ukiinama kuweka mpira kwenye tii ukainuka haraka unaona nyota, na kuna dawa za sukari ukitembea masaa manne bila kula sukari inashuka mpaka unatetemeka. Daktari akijua anakupangia.

Halafu nyumbani fanya vipimo vitatu, havina gharama. Cha kwanza ni hicho cha kiti nilichokueleza, unyayo kwenda nje, linganisha kushoto na kulia. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, nyonga ya kushoto ndo inapokea mwili wote mwisho wa swingi kwa hiyo hiyo ikikaza una shida.

Cha pili kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, simama na kaa mara nyingi uwezavyo ndani ya sekunde 30. Mwanaume wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya 14 miguu imeshapungua, mwanamke wa umri huo chini ya 12. Ukiwa na 65 hadi 69 ni 12 kwa baba na 11 kwa mama. Mimi mara ya kwanza nilipata 11, mjukuu wangu ndo alikuwa ananihesabia, akaniuliza "babu umechoka?" Niliumia moyo ila nilishukuru nimejua. Leo nafika 17.

Cha tatu simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde kumi. Ukishindwa kufika kumi bila kushika ukuta basi anza na hilo kabla hujafikiria dreva mpya.

Nyonga na kifua, kila siku

Hizi nafanya asubuhi baada ya kuswaki, dakika 12 hivi, kwenye mkeka. Kila siku, hata siku za msiba, kwa sababu ulaini wa viungo ukiuacha unarudi nyuma.

Kaa chini kwenye mkeka, mikono nyuma imekushikilia, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini, zimeachana zaidi ya upana wa mabega. Sasa laza magoti yote mawili kulia, rudisha katikati, laza kushoto, kama waipa za gari. Taratibu. Mara ya kwanza goti moja litakuwa juu halitaki kugusa mkeka na hapo ndo utajua nyonga gani imelala. Usilibonyeze kwa mkono. Pumua, subiri, rudia mara 10 kila upande. Wiki ya tatu au ya nne utashangaa. Kama kukaa chini ni shida fanya ukiwa umelala chali, ni yale yale ila mepesi.

Ya pili lala ubavu, magoti yamekunjwa mbele kama mtu aliyekaa kwenye kiti, mikono yote imenyooka mbele viganja vimekutana. Fungua mkono wa juu uende nyuma kama unafungua kitabu, macho yanaufuata mkono, magoti yasiachane. Hapo mgongo wa katikati ndo unazunguka na kiuno kimetulia, yaani ndo swingi yenyewe ikiwa imelala. Mara 8 kila ubavu.

Ya tatu kaa kwenye stuli au kigoda, weka mpini wa fagio mabegani nyuma ya shingo, magoti yabane mto au mpira katikati ili nyonga zisidanganye, zunguka kulia na kushoto. Angalia ncha ya fagio inafika wapi ukutani. Mimi niliweka alama ya penseli kwenye ukuta wa veranda, mke wangu alilalamika kidogo ila sasa alama zipo nne na kila moja iko mbele ya mwenzake.

Usifanye kwa kujirusharusha. Watu wa umri wetu tulifundishwa mchakamchaka na ile "moja mbili, moja mbili" ya kujirusha, misuli inajikunja kujilinda. Nenda mpaka inapokaza, baki hapo pumzi tatu.

Miguu na makalio, siku mbili au tatu kwa wiki

Misuli inapungua yenyewe kadiri umri unavyokwenda, inaanza mapema tu kwenye miaka ya 30 na baada ya 60 inakimbia zaidi, na kutembea peke yake hakuirudishi. Wengi wetu tunakosea hapa, tunasema "mimi natembea kila jioni inatosha". Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na juu ya hapo mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na wenye miaka 65 na kuendelea waongeze ya mizani siku tatu. Kwa hiyo kutembea ni fungu moja tu.

Huhitaji jimu. Unahitaji kiti, madumu mawili ya lita 5 yenye maji, ngazi moja na ule mpira wa kufungia mizigo unaokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Kukaa na kuinuka kwenye kiti, mara 10, pumzika dakika moja na nusu, tena 10, tena 10. Ikiwa rahisi shika dumu moja kifuani. Ikiwa rahisi tena, shuka kwa kuhesabu mpaka nne, inuka haraka. Kushuka polepole kunajenga, kuinuka haraka kunarudisha kasi, na kasi ndo inayopotea mapema kuliko nguvu.

Zoezi ninaloliheshimu kuliko yote ni la kuinama kwa nyonga. Chukua mpini wa fagio uweke wima mgongoni, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na kitako pale juu. Mkono mmoja ushike juu, mwingine chini. Sasa inama kwa kupeleka makalio nyuma kama unafunga mlango wa gari kwa makalio huku mikono imejaa mizigo, magoti yamelegea kidogo, na mpini usiachie hata sehemu moja. Ukiachia kisogo au kitako ujue umekunja mgongo. Jaribu mara tano sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Umeona ulipoishia? Hapo ndo mkao wa kusimama mbele ya mpira, na hapo ndo namna ya kubeba ndoo, kuokota mpira shimoni, kutoa bagi kwenye buti. Ukishalijua vizuri weka fagio pembeni shika madumu mawili, fanya 10 mara tatu. Mimi nilianza na dumu moja la lita 5 na sasa nabeba mawili ya lita 10. Ilichukua miezi saba, sikukimbilia.

Ule mpira wa tyubu funga kuzunguka miguu juu ya magoti, chuchumaa nusu, tembea upande hatua 10 kwenda na 10 kurudi. Utasikia moto pembeni ya makalio. Hiyo misuli ndo inashika nyonga isiyumbe wakati unahamisha uzito kwenda mguu wa mbele. Halafu funga mpira kwenye nondo ya dirisha, vuta kuja kifuani viwiko vikienda nyuma, mara 15, hii inafungua kifua kilichoinama.

Ngazini panda kwa vidole vya miguu, visigino viko hewani, juu na chini mara 15, unashika ukuta kidogo tu.

Kutembea kwa maana ya gofu

Mashimo 18 kwa miguu ni kama kilomita 8 hadi 10, masaa manne na zaidi, kwenye nyasi na vilima, juani. Kwa hiyo ukitaka kucheza mwezi huu unatakiwa uwe unatembea saa moja bila kusimama mara tatu nne kwa wiki, na angalau mara moja masaa mawili. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 na kitu, asubuhi kuna kibaridi kizuri, ukitoka saa kumi na mbili kamili ukarudi saa moja na nusu jua halijakupata. Huku kwetu Kisasa na Area D barabara zinaruhusu, wa UDOM wana vilima vya kutosha.

Wenye magoti mazuri mara moja kwa mwezi wapande Lion Rock, ule mlima wa mawe hapa Dodoma. Kupanda ni dawa, kushuka ndo kunaumiza magoti, kwa hiyo shuka kwa hatua fupi, kimshazari, na fimbo ya kutembelea usiione aibu.

Kuna siri moja ya huku kwetu. Kiangazi, makorongo yakikauka, tembea kwenye mchanga wa korongo dakika 15 ukiwa na raba. Mchanga unateleza chini ya mguu, vifundo vya miguu vinalazimika kufanya kazi, mizani inarudi, na siku mpira ukiingia banka (shimo la mchanga uwanjani) miguu yako inaujua mchanga. Masika usiingie, maji ya korongo yanakuja ghafla hata mvua ikinyesha mbali.

Kasi, mikono na kupiga mipira nyumbani

Mara mbili kwa wiki, baada ya kupasha mwili, geuza fimbo shika upande wa chuma, mpini ukae chini, swingi kwa kasi mara tano. Sikiliza ile "vuuu". Isikike mbele ya pale mpira ungekuwa. Ikisikika nyuma, juu ya bega, umetumia mikono mapema. Halafu geuka piga mara tano kama mtu wa mkono wa kushoto. Hii ya upande wa pili usiiruke hata kama unajisikia mgeni, mwili unaozungushwa upande mmoja tu miaka 20 unapinda.

Kuhusu viwiko niseme kwa msisitizo kwa sababu naona wenzangu wengi wanajiumiza hapa hapa Dodoma. Ardhi yetu kuanzia Juni mpaka Novemba ni ngumu kama sakafu. Ukienda kwenye kiwanja cha wazi ukaanza kupiga aironi (fimbo za chuma) kwenye udongo ule, kila ukigusa chini mshindo unapanda kwenye kifundo cha mkono mpaka kiwiko, na baada ya wiki mbili unaanza kusikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko hata ukishika kikombe cha chai. Kano ya kiwiko ikishachokozwa inachukua miezi kupona. Chukua kipande cha kapeti kuukuu, kunja mara mbili, weka mpira juu yake. Au piga kwenye tii muda wote. Na mipira 40 inatosha, huna sababu ya kupiga 150.

Angalia pia gripu za fimbo, zile sehemu za kushikia. Zikiwa zimeng'aa na kuteleza unabana vidole bila kujijua na mkono mzima unakaza. Badilisha. Wenye baridi yabisi vidoleni waombe gripu nene kidogo, wanashika bila kukunja ngumi yote. Mazoezi ya mkono ni rahisi, lowesha taulo dogo, likamue kama unafua, kulia mara 10, kushoto mara 10.

Na vifaa vikubaliane na umri. Shafti (ule mti wa fimbo) laini na nyepesi inasaidia kuinua mpira pale kasi imepungua. Zile aironi ndefu za 3 na 4 ziweke pembeni, haibridi (fimbo iliyo kati ya aironi na zile za kupigia mbali) inafanya kazi hiyo bila kukulazimisha kutumia nguvu. Tii za mbele (sehemu za kuanzia zilizo karibu zaidi na shimo) zipo kwa ajili yetu, nenda nazo. Kuna mama mmoja mstaafu tunacheza naye, ana 67, anapiga kutoka tii za mbele kabisa, mita 130 katikati ya uwanja kila mara, na mimi nikitoka kwenye mti wa kushoto kuja mti wa kulia yeye yuko grini (pale penye nyasi fupi na shimo) ananisubiri.

Kula na kunywa

Umri huu misuli inataka protini zaidi kuliko zamani na sisi tunakula kidogo kuliko zamani, tatizo linaanzia hapo. Gawanya kwenye milo yote mitatu, usiweke yote usiku. Asubuhi mayai mawili au maziwa ya mgando, mchana ugali wa uwele au mtama na kunde au choroko, mlenda wa karanga, usiku kuku au samaki. Vyote vipo soko la Majengo. Nyama ya mnada wa Msalato Jumamosi ni nzuri, ila siyo usiku wa kuamkia mechi pamoja na bia nne. Usingizi unaharibika, asubuhi umekauka hata kabla ya kupiga mpira wa kwanza.

Kiu ya mtu mzima inachelewa kuja. Na huku kwetu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hujatoka jasho kumbe umetoka. Anza kunywa maji jana yake, halafu uwanjani mafunda machache kila shimo, usisubiri kiu. Waliowekewa kiwango cha maji na daktari kwa sababu ya moyo au figo wafuate hicho. Kwenye bagi weka ndizi, karanga za kukaanga zenye chumvi kidogo. Zabibu zetu ni tamu na zinatia nguvu haraka, wenye sukari wazihesabu, lakini pipi moja mbili mfukoni kwa ajili ya sukari kushuka ni lazima.

Kofia ya ukingo mpana, siyo kapelo inayoacha masikio na shingo wazi.

Siku yenyewe

Dodoma mpaka Morogoro ni kama kilomita 260. Ukienda na gari, simama Kibaigwa au Gairo, na tena Dumila, shuka, tembea dakika tano, nyoosha nyonga ukiwa umeshika mlango wa gari. Mtu anayetoka kwenye usukani baada ya masaa manne akaenda moja kwa moja kwenye tii ya kwanza amebeba nyonga zilizolala, na mpira wa kwanza ndo unaovunja watu. Mimi siku hizi napanda treni ya SGR nalala Moro, asubuhi naamka nikiwa mzima. Ni gharama ya gesti ila ni ndogo kuliko fiziotherapi.

Fika nusu saa kabla. Tembea haraka dakika tano kuzunguka maegesho. Shika fimbo kama mkongojo, rusha mguu mbele na nyuma mara 10, halafu kushoto na kulia, kila mguu. Weka fimbo mabegani zunguka taratibu mara 10. Chuchumaa nusu mara 10. Ndo uanze na fimbo fupi, wedji, nusu swingi, kisha aironi 8, kisha haibridi, na dreva mara tatu tu mwisho. Dakika 12 zote. Wenzako wakiwa wanakunywa chai wewe uko pale unapasha, na wao utawaona shimo la nne ndo wanaanza kupiga vizuri.

Bagi usibebe begani. Linafika kilo 10 mpaka 15 na linavuta upande mmoja masaa manne. Chukua kedi, unampa kijana riziki na unaulinda mgongo. Kama hakuna, troli, na isukume mbele badala ya kuivuta nyuma kwa mkono mmoja, kwa sababu kuvuta kunapindisha bega. Ukiokota mpira shimoni kumbuka fagio, makalio nyuma. Au inua mguu mmoja nyuma huku umeegemea putta (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), mimi nafanya hivo kila grini.

Kifua kikibana, pumzi ikikatika isivyo kawaida, maumivu yakienda mkono au taya, jasho la baridi, simama hapo hapo, kaa kivulini, mwambie mwenzako na muende hospitali. Usimalizie shimo. Na kama mashimo 18 ni mengi kwa siku hiyo, tisa ni gofu kamili, hakuna anayekudai tisa nyingine.

Ukimaliza usikae. Tembea dakika tano, kunywa maji kabla ya kingine chochote, fanya ile ya waipa na ya kufungua kitabu kwenye nyasi, dakika sita zinatosha. Kwenye treni ya kurudi inuka kila nusu saa tembea kwenye korido mpaka behewa la pili na kurudi. Kesho yake tembea nusu saa taratibu, madumu yapumzike, Jumatatu asubuhi ukimaliza mkeka upime tena ule unyayo wa kushoto. Kama umerudi nyuma ongeza wiki moja kabla ya kukubali simu nyingine ya Moro.